Mama kamaliza dawa za homa ya ini C, virusi vimerudi. Tufanyeje?

BintiNgara: Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Naomba ushauri, hasa kwa wanaofanya kazi maabara au waliowahi kuugua.

Mama yangu ana miaka 61, anaishi Kigali kwa dada yangu. Mwaka jana alikutwa na homa ya ini C, akaanzishiwa sofosbuvir na ledipasvir, kidonge kimoja kwa siku, wiki 12. Chupa tatu za vidonge 28 alizimaliza. Kila akimeza aliweka alama ya kalamu kwenye kalenda ya ukutani. Nimezihesabu mwenyewe: 84, hakuna siku iliyorukwa. Miezi mitatu baadaye akapimwa, virusi vipo. Jirani yake alianza naye wiki ileile, dawa zilezile, kapona. Sasa ndugu wanamwambia alikuwa anameza ovyo, na mwenyewe ameanza kuamini. Mjomba anataka tununue dozi ileile arudie. Ni sawa?

Mpimadamu: Pole sana dada. Alipimwa kwa kipimo gani? Kile cha kuchoma kidole hutafuta kingamwili, na hizo hubaki hata mtu akishapona.

BintiNgara: Cha wingi wa virusi, walitoa damu ya mshipa.

Mpimadamu: Basi vipo kweli. Ila mwambie mama kosa si lake. Virusi vya C vina jinotaipu 8, yaani aina kuu za kijenetiki, na kila moja ina vijikundi vyake. Marekani imetawala ya 1, Pakistani ya 3. Misri ni 4a, yaani kijikundi a cha jinotaipu ya 4. Rwanda nako ni ya 4, lakini si hiyo ya Misri: utakuta 4k, 4r na nyinginezo. Hiyo 4r ndiyo korofi. Mara nyingi tangu mwanzo, kabla mgonjwa hajagusa kidonge, inakuwa na mabadiliko kwenye protini yake moja iitwayo NS5A, na hapohapo ndipo ledipasvir inapopiga.

Kuna utafiti wa SHARED uliofanyika Kigali kwa dawa hizohizo za mama. Kati ya wagonjwa 300 walipona 261. Ila wenye 4r walikuwa 48, wakapona 27 tu. Dawa hizi zilijaribiwa zaidi kwa wagonjwa wa Ulaya na Marekani, ambako 4r ni adimu. Inaniuma kuona mama zetu wanabebeshwa lawama kwa hilo.

Kagera_Yetu: Mjomba asinunue kitu! Mimi dozi ya kwanza iligoma, nikapewa kidonge chenye dawa tatu: sofosbuvir, velpatasvir na voxilaprevir. Wiki 12, virusi havionekani mpaka leo.

Mpimadamu: Naam, hata Rwanda walipowapa hiyo wagonjwa walioshindwa dozi ya kwanza, karibu wote walipona. Lakini daktari aangalie ini kwanza. Kama limeshachoka mpaka tumbo linajaa maji, voxilaprevir haimfai. Apimwe na homa ya ini B, maana C ikitibiwa, B iliyolala inaweza kuamka. Muulizeni kijikundi cha virusi kinaweza kusomwa wapi. Na je, alikuwa anameza omeprazole, ile dawa ya kupunguza asidi tumboni? Inapunguza nguvu ya ledipasvir.

BintiNgara: Hapana, hajawahi. Asanteni sana wote. Mjomba nimemzuia, Jumatatu dada anampeleka kwa daktari. Nimempigia mama nikamsomea hapo pa 27 kati ya 48. Kanyamaza kidogo, kisha akaniambia nimsomee tena.