Naomba ushauri: mchoro wa jicho unafumba kwenye simulesheni ya PCIe 3.0

Habari zenu wakuu. Nina njia ya PCIe 3.0 (kiungo cha data cha kasi ndani ya kompyuta), 8 GT/s (uhamishaji bilioni 8 kwa sekunde), inayopoteza kama desibeli 20 kwenye 4 GHz. Transmita nimeiweka mpangilio P7 (mmoja wa mipangilio ya kiwango ya kurekebisha ishara kabla haijatumwa). Risiva ina CTLE (kichujio kinachofidia upotevu wa masafa ya juu) ya desibeli -8 na DFE (kisawazishi kinachoondoa mabaki ya biti zilizopita) ya tepu moja, yaani inafidia biti moja tu iliyopita. Kwa hesabu ya kitakwimu jicho (nafasi wazi ya kutofautisha 0 na 1 kwenye mchoro wa ishara) linafunguka milivolti 40, safi kabisa. Nikiendesha biti kwa biti linashuka hadi 18, wakati kiwango kinataka 25. Nimeongeza biti hadi milioni moja, nimezima jita (kuyumba kwa muda wa ishara), wapi!

Faili la vigezo vya S (vinavyoeleza jinsi njia inavyopitisha na kurudisha ishara kwa kila masafa) linaanzia 10 MHz, halina nukta ya DC (masafa sifuri), na ndilo ninalolishuku. Je, hilo pekee laweza kuivuruga DFE? Na nitupe biti ngapi za mwanzo ili tepu itulie?