Mrejesho: sherehe ya binti bila sisi wazazi nyumbani

Asanteni sana, bamama na bapapa. Niliuliza kama tumwache binti yetu, aliyefaulu Exetat (mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari hapa Kongo), afanye sherehe nyumbani hapa Katuba, Lubumbashi, bila sisi. Tulimwachia, tukakaa kwa jirani.

Vyumba vya kulala tulivifunga kama mlivyoshauri. Kilichosaidia kuliko vyote ni binamu yake mkubwa kusimama mlangoni na orodha ya majina. Wasioalikwa walirudishwa, ingawa wengine waliruka ukuta wa nyuma. Pombe tulikataza, lakini chupa za bia tulizikuta chini ya mwembe. Na ile poda ya kumwagiana kwa furaha ya kufaulu, ambayo hakuna aliyenionya (!), bado tunaipangusa kwenye viti.

Saa kumi na mbili jioni muziki ulizimwa bila ugomvi. Zamu ya mdogo wake, ukuta wa nyuma utakuwa na mlinzi.