Pumu ya ngozi ya mtoto: mafuta ya nazi au mshubiri?

Mama wa Pangani: Assalaam alaykum, ndugu zangu. Mwanangu wa miaka 4 ana pumu ya ngozi inayomrudia kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, na usiku hujikuna hadi shuka likapata madoa ya damu. Krimu ya hospitali humtuliza, ila natafuta kitu cha mmea cha kumpaka kila siku hata akiwa na nafuu. Bibi yake anasema mafuta ya nazi, jirani anasema mshubiri. Ninyi mnaonaje?

Mkwezi wa Muheza: Wa alaykum salaam, dada. Mimi niko upande wa nazi, na si kwa sababu naiuza. Huko Ufilipino walipimwa watoto 117 wenye pumu ya ngozi kwa wiki 8: waliopakwa mafuta ya nazi mabichi, dalili zao zilipungua kwa takriban asilimia 68, na waliopakwa mafuta ya madini, asilimia 38. Angalia neno "mabichi": haya yetu, ambayo tui huchemshwa hadi mafuta yakajitenga na mashapo yakawa ya kahawia, siyo yaliyopimwa. Mshubiri umejaribiwa zaidi kwenye soriasisi, ugonjwa mwingine wa ngozi unaoleta mabaka yenye magamba, na majibu yake yanapingana. Utafiti wa mwaka 1996 uliusifu sana, lakini ule wa Denmark wa mwaka 2005, uliokuwa na wagonjwa 41, ulikuta jeli isiyo na mshubiri ikileta nafuu zaidi.

Shangazi wa Ngamiani: Naongezea kwamba ule utomvu wa manjano ulio chini ya ganda la mshubiri huwasha, na mtoto mwenye michubuko atalia. Hata hivyo, ninachokiogopa zaidi ni vikopo visivyo na lebo vinavyoitwa "asili tupu". Nilinunua kimoja gulioni, ngozi ikalainika kwa siku 3, na nilipoacha ikalipuka kuliko mwanzo. Mwaka 1999 madaktari wa London walipima krimu 11 za mitishamba ya Kichina, na 8 kati yake zilikuwa na deksamethasoni, ambayo ni steroidi, yaani dawa kali ya hospitali ya kutuliza uvimbe na mwasho.

Mama wa Pangani: Ahsanteni. Mshubiri nauacha. Bibi yake nimemwomba tui la safari hii asilibandike jikoni, naye ameguna kidogo, kisha akaketi kwenye mbuzi na kuanza kukuna. Kwanza nitampaka mtoto sehemu ndogo ya mkono kwa siku chache, kisha mwili mzima kila atokapo kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Krimu ya hospitali inabaki kabatini kwa siku ambazo ugonjwa utalipuka.