Sahani za kila siku kwa nyumba yenye watoto: udongo, melamini, kioo au stenlesi?

BiMkubwa_Kigamboni

Wakuu, habari za jioni. Nyumbani tuko sita, wawili ni watoto, miaka 3 na 6. Sahani tulizonazo ni mchanganyiko: za udongo zimemeguka kingo, za melamini zimegeuka rangi ya chai na zimejaa mikwaruzo. Nataka kununua upya, vya kutumia kila siku, siyo vya wageni. Chakula chetu ni ugali, wali, maharage, samaki wa ukwaju, na asubuhi uji. Tunaosha kwa mkono, maji ni ya kisima na yana chumvi kidogo. Maikrowevu ipo. Nichukue aina gani, ukubwa gani, ngapi, na nikifika Kariakoo nikague nini kabla ya kutoa hela? Maana kila muuzaji anasema "hiyo haivunjiki, mama".

Stoo_ya_Vyombo

Dada, anza na umbo kabla ya aina. Kwa wali wa mchuzi sahani bapa ni usumbufu, mchuzi unakimbilia ukingoni. Tafuta sahani ya shimo yenye upana wa sm 22 hadi 24 na kina cha sm 3.5 hadi 4. Hiyo inabeba ugali na mboga, inabeba maharage, na ukiwa na bapa nne tu za sm 26 kwa chapati na samaki mkavu zinakutosha.

Kwa wakubwa chukua kaure, yaani udongo uliochomwa mpaka ukakaza kabisa. Kaure huchomwa kwenye nyuzi 1,200 hadi 1,400 na hufyonza maji chini ya asilimia 0.5. Udongo laini huchomwa moto mdogo zaidi, na ndani yake hubaki vitundu. Dukani zote zinang'aa sawa. Nyumbani ile laini inakunywa maji kupitia sehemu isiyopakwa glezi, yaani lile ganda la juu linalong'aa, mwili wake unavimba polepole, glezi inapasuka mistari myembamba kama utando wa buibui, mchuzi unaingia humo na doa halitoki tena. Ukiiweka kwenye maikrowevu, maji yaliyojificha ndani yanapata moto: sahani inakuunguza vidole na wali bado wa baridi.

Namna ya kuzitofautisha: geuza sahani. Chini kuna duara linalokaa mezani, mara nyingi halina glezi. Weka tone la maji hapo, subiri dakika mbili. Tone likibaki juu, hiyo ni ngumu. Likizama na kuacha doa la weusi, rudisha. Kisha ishike sahani katikati kwa ncha za vidole na uigonge ukingo kwa kucha: nzuri inalia mlio mrefu, yenye ufa inatoa mlio uliokufa. Fanya hivyo kwa kila sahani, siyo moja ya juu tu, kwa sababu ufa wa safarini hukaa katikati ya katoni.

Papasa na ukingo. Mwembamba wenye makali ndio unaomeguka kwenye karo. Zile za mahoteli zina ukingo mnene wa mviringo, ndiyo maana zinadumu. Ni nzito kweli: ya sm 26 ina gramu 600 hadi 800, kwa hiyo usimbebeshe mtoto rundo. Weka pia sahani juu ya kioo cha kaunta, bonyeza ukingo kwa kidole. Ikiyumba, imepinda tanuruni, na rundo lake litayumba kabatini.

Rangi: nyeupe tupu, zinazouzwa moja moja. Seti ya maua ya katoni inapendeza, ila mzigo ukiisha huo mchoro huupati tena, na ikivunjika moja umebaki na pengo. Kwa wakubwa wanne nunua za shimo nane, na nne za akiba zikae kwenye boksi. Na maji yako ya chumvi hayaidhuru kaure. Makaburi ya karne ya 18 pale Kunduchi yalipachikwa mabakuli ya kaure ya Kichina nje, yakipigwa na upepo wa bahari.

Mpishi_wa_Shule

Naongezea kwenye melamini, maana wengi wanaikimbilia kwa sababu ya watoto. Siyo mbaya, ila ina mpaka wake, na mpaka huo ni nyuzi 70. Zaidi ya hapo, hasa chakula kikiwa na ndimu au ukwaju, kemikali zilizoitengeneza, melamini na fomaldehidi, huanza kuhamia kwenye chakula. Uji unaotoka sufuriani moja kwa moja umepita nyuzi 70 kwa mbali. Kwenye maikrowevu ndiyo kabisa, usiweke, hata kama muuzaji anakuapia.

Tatizo la pili ni kwamba sokoni kuna zinazoitwa melamini lakini mwili wake ni resini ya urea, plastiki ya aina nyingine, juu wamepaka utando mwembamba wa melamini. Nunua moja kwanza, ichemshe nusu saa. Ya kweli inatoka ilivyoingia. Ile nyingine inafifia mng'ao, inatoa malengelenge au harufu inayochoma pua. Usiende kununua dazani kabla ya kufanya hivyo.

Hizo zako za rangi ya chai zitupe. Mng'ao ukishakwisha, kila kitu kinanasa, na ukisugua kwa stilwaya au ukiloweka kwenye dawa ya klorini unazidi kuzimaliza. Mpya ziwe za vitu vya baridi na vuguvugu: matunda, mkate, andazi.

Kamukunji_Metali

Mtoto wa miaka 3 mpe stenlesi, mjadala uishe. Bakuli la kuta mbili, ml 300 hadi 350, uji ukiwa wa moto ndani nje linashikika. Manne yanatosha kwa watoto wawili. Kabla ya kununua lizamishe kwenye maji, litoe, lipanguse, ulitikise karibu na sikio. Ukisikia maji yanacheza kati ya kuta, mshono una tundu. Hayo maji hayatatoka na yatanuka. Usiliweke jikoni kwenye moto hata kidogo, hewa iliyofungiwa inatanuka.

Sasa hapo kwenye maji ya chumvi ndipo pa kuangalia. Stenlesi inayofaa ni ya daraja la 304, ambayo pia huandikwa 18/8: kromu asilimia 18, nikeli 8. Kuna 201, nikeli kidogo na manganizi nyingi, na chumvi inaishambulia mapema, inaanza vidoa vya kutu kwenye ukingo na palipochomelewa. Watu wanatembea na sumaku wakidhani imewamalizia kazi. Sumaku ikinata kwa nguvu, hiyo haina nikeli ya maana. Isiponata hujathibitisha 304, kwa sababu 201 nayo kwa kawaida hainati. Kwa hiyo tazama muhuri, pima uzito mkononi, na ukingo uliokunjwa uwe umebanwa kabisa, usiwe na mfereji wa kulaza mabaki. Ukishaosha, futa na kitambaa. Usilaze vyombo usiku kucha kwenye beseni la maji ya kisima.

Na stilwaya ya chuma cha kawaida iache. Inaacha vipande vidogo vinavyoshika kutu juu ya sahani, halafu unailaumu sahani.

BiMkubwa_Kigamboni

Asanteni sana, nimeelewa kuliko nilivyotegemea. Vipi zile nyeupe za kioo, nyepesi? Na za bati?

Stoo_ya_Vyombo

Za kioo kilichokazwa ni nzuri kwa uzito na hazifyonzi kitu. Kioo hupashwa moto kisha hupozwa ghafla kwa upepo, uso unabana na katikati inavutika, ndiyo nguvu yake. Ubaya ni kwamba ikipata jeraha refu ukingoni, inaweza kupasuka vipande vingi kwa mpigo, hata siku nyingine ikiwa imetulia. Kwa hiyo usisugue kwa stilwaya, usizichomeke kwenye kikaushio cha waya uchi, na yenye mmeguko ukingoni itoke siku hiyo hiyo. Kwenye nyumba yenye mtoto anayetembea peku, mimi ningeziacha kwa miaka miwili mitatu.

Bati ni chuma kilichopakwa kioo. Ikianguka haivunjiki, inabanduka. Ikibanduka nje endelea nayo mpaka kutu ikuchoshe. Ikibanduka ndani usiilie chakula tena, hivyo vipande ni kioo. Maikrowevu haiingii, kama stenlesi.

Jambo moja tulilolipita: michoro. Pitisha kucha juu ya ua. Ukihisi limeinuka, limepakwa juu ya glezi, litachakaa, na rangi nyekundu na njano za namna hiyo ndizo zinazoshukiwa kuwa na kadimiamu au risasi, metali zenye sumu. Samaki wa ukwaju usimpakue humo. Mstari wa dhahabu nao unarusha cheche kwenye maikrowevu.

Mpishi_wa_Shule

Baada ya miezi kadhaa utaona mistari ya kijivu kwenye kaure nyeupe. Usidhani imekwaruzika. Ni chuma cha vijiko kilichobaki juu. Bikaboneti vijiko viwili, maji kijiko kimoja, sugua kwa kitambaa chenye unyevu. Mistari ikirudi haraka sana, papasa duara la chini la sahani: likiwa na mchanga mchanga linakwaruza sahani ya chini yake kwenye rundo. Pitisha msasa laini uliolowa maji, kisha osha.