Nianze na lugha gani ya programu kabla sijaingia chuo?

mwakawamwisho: Wakuu habari zenu. Niko mwaka wa mwisho sekondari, nataka nikasome sayansi ya kompyuta chuo. Sasa nina kama miezi sita najifunza Python kwa video, nikiangalia naelewa kabisa ila nikiifunga tu video niandike mwenyewe nakwama mstari wa pili. Juzi nimeandika kitu kidogo cha kujumlisha namba mbili, nikaingiza 5 na 7 ikanipa 57!! nimeikodolea macho saa nzima. Rafiki yangu anasema Python ya watoto nihamie C, mwingine anasema JavaScript. Na hesabu zangu za kawaida tu. Nifanyeje?

fundi_mitambo: Mdogo wangu usihame kwanza, hiyo 57 ina somo zima ndani yake. input(), ile amri ya kupokea unachoandika, inakurudishia maandishi, hata ukibonyeza namba, kwa hiyo kompyuta imeona herufi 5 na herufi 7 ikaziunganisha kama unavyounganisha maneno. Weka int(input()), hiyo int inageuza maandishi kuwa namba, utapata 12. Ungekimbilia JavaScript ungekutana nayo hiyo hiyo. Ila ona, ulichojifunza kwenye hiyo saa moja ya kukodoa macho hakuna video ingekupa, maana kwenye video anayekosea na kurekebisha ni mwalimu, wewe unatazama tu. Kwa hiyo video moja, halafu unafunga, unaandika kile kile bila kuchungulia, ukikwama soma ujumbe wa kosa mstari wa mwisho kabisa, ndo unaosema kosa ni la aina gani.

dada_lojiki: Hiyo ya "Python ya watoto" achana nayo kabisa. Imetoka 1991, C ni ya 1972, na hiyo Python watu wengi wanayotumia yenyewe imeandikwa kwa C, so hazishindani hizo. C utaipenda baadaye ukitaka kujua kumbukumbu ya kompyuta inapangwaje. Kama unataka mpangilio ipo CS50, kozi ya utangulizi wa sayansi ya kompyuta ya chuo cha Harvard, bure intaneti, inaanza na Scratch (unapanga vipande vya amri badala ya kuandika) inaingia C ndo inakuja Python, mazoezi yake magumu kweli lakini usiruke hata moja.

kalamu_na_daftari: Mimi naongezea kwenye hesabu maana naona wote mmeipita. Mdogo wangu kinachotakiwa zaidi mwanzoni ni kufikiri kwa hatua. Chukua orodha ya majina 1,000 yaliyopangwa kwa alfabeti, utafute jina moja. Ukianza la kwanza unaweza kufika 1,000. Ukifungua katikati, ukatupa nusu isiyohusika, ukafungua tena katikati ya iliyobaki, hatua 10 hazizidi umemaliza. Sasa fanya hivyo kwa kalamu na majina nane tu, andika kila hatua umebakiwa na yapi, ndipo uandike programu. Mi nilikuwa naruka daftari naenda moja kwa moja kwenye kibodi na nilihangaika sana mwaka wa kwanza, wenzangu waliokuwa wanachora kwanza walinipita mbali.

mwakawamwisho: Asanteni sana wakuu, imetoa 12!! Nimejaribu na ya majina nane kwenye daftari, nimeona nikitafuta jina ambalo halimo sijui nisimame wapi, hapo ndo naenda kuhangaika napo usiku huu bila video.