Mrejesho: Hudon na Beaulieu ni mtu yuleyule

Wakuu, niliuliza kuhusu ukoo wa mke wangu, ambaye ni mzaliwa wa Québec, Kanada. Babu wa babu yake ameandikwa Hudon kwenye ubatizo, kisha Beaulieu kwenye ndoa. Je, ni mtu mmoja? Yule aliyenielekeza nitazame kwanza majina ya wazazi, Mungu akuzidishie.

Ni mtu mmoja. Ukoo wenyewe ni Hudon dit Beaulieu, yaani Hudon aitwaye Beaulieu. Majina pacha ya namna hii yalishamiri enzi za utawala wa Ufaransa. Askari wengi wa kikosi cha Carignan-Salières, kilichofika 1665, walikuwa na majina ya kijeshi, na baadhi yakageuka ya ukoo. Baadaye wengi walibaki na jina moja, ndiyo maana hata ndugu wa tumbo moja huweza kutofautiana.

Kilichonigusa zaidi ni kitabu cha parokia. Mwandiko wa padri umelala na wino umefifia, lakini jina la mama linasomeka herufi kwa herufi, na ni la ukoo aliozaliwa, si la mume. Kwenye ubatizo ni hilohilo. Hapo ubishi ukaisha. Kwa kuwa ndoa ya kwanza kwa kawaida hutaja wazazi wa pande zote mbili, unapanda ndoa hadi ndoa.

Sasa nafuatilia upande wa bibi, Miville dit Deschênes. Mwenye uzoefu nao anishike mkono.