Naomba ushauri: fangasi wa vidole vya mguu, daktari wa kwenye simu anatosha?

Habari zenu wakuu. Nina fangasi kati ya kidole kidogo cha mguu na kinachofuata. Ngozi imekuwa nyeupe, inabanduka, na usiku inawasha hadi nakosa usingizi. Nilipaka krimu ya klotrimazoli wiki moja, nikaona nafuu, nikaacha (kosa langu hilo), wakarudi kwa hasira.

Sasa nataka kumwona daktari kwa video, maana kupanga foleni kwa ajili ya kidole naona aibu. Waliowahi kutibiwa hivyo, picha zilimtosha au aliwaambia mwende mkakwanguliwe ngozi ipimwe maabara? Halafu kucha ya kidole gumba imeanza kuwa nene na ya njano. Nasikia hapo krimu haifui dafu, ni vidonge. Hivyo navyo huandika bila kukuona ana kwa ana?